Ukili wa Biasha

Siku hizi pale kituo cha Kwa Mathias mama hushuka kwenye basi, akanunua vidonge vya kumtuliza mwanawe kama anavyonunua kiberiti, akapanda basi jingine bila kuambiwa vinafanya nini mwilini. Zamani zile chupa moja tu ya dawa ya mtoto iliingia nyumbani kwa Kondo, njia ya kwenda Maneromango, ikisindikizwa na watu wazima wanne, na bado nusura immalize.

Mmoja wa wale wanne alikuwa Kitwana bin Saburi. Hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa dresa, na dresa wa enzi za Mwingereza ni mtu aliyefundishwa mwaka mmoja na nusu kuosha vidonda, kuchoma sindano za buba na kupima dawa kwa kijiko, kisha akapewa kaptula ya kaki, sanduku la mbao na funguo mbili, akaambiwa nenda. Kwao kulikuwa Mlandizi, karibu na mto Ruvu. Zahanati aliyopewa ilikuwa upande wa Kisarawe, nyumba ya udongo yenye vyumba viwili na paa la bati lililowakaanga watu mchana kama karanga. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwembamba, mwenye kutembea upesi hata pasipokuwa na haraka. Watu walimpenda kwa jambo moja: alikuwa mwulizaji. Akikupa dawa leo, kesho utamkuta uani kwako anauliza imekufanyaje. Wauza dawa wa leo hawana miguu hiyo.

Kondo alifika zahanati mwaka wa thelathini na saba, kabla ya mvua za vuli, akiwa amemshika binti yake kifundo cha mkono kama mtu aliyekamata mbuzi wa jirani. Binti aliitwa Biasha, ana miaka kumi na minne. Tangu alipokuwa na kumi na mmoja hakuna aliyemwona ametulia. Alikuwa akianza kutwanga, anauacha mchi ndani ya kinu na kuondoka. Akitumwa kisimani alipita kisima, akapita na shamba, mpaka mtu wa kijiji cha pili amrudishe. Usingizi wake ulikuwa wa kuku, kidogo kidogo. Mara alicheka peke yake, mara akajipiga kichwa ukutani mpaka udongo ukadondoka. Walimpigia ngoma ya pepo mara mbili, pepo hakutaja jina.

"Dresa, sitaki mambo mengi," Kondo alisema. "Nataka dawa ya kumkalisha."

"Kumkalisha wapi?"

"Chini! Mtu hukalishwa wapi? Mtoto amekua, ameshavunja ungo. Shangazi yangu amekwisha mtia ndani. Mwezi ule ule, wanawake wote wako uani, mwali karuka dirisha, kakimbia mpungani, anafukuzwa kama nguruwe. Mwali, Dresa! Umepata kuona wapi? Tumemtoa, akitulia atatiwa upya."

Anayesoma haya leo huenda hajui. Msichana wa Kizaramo akivunja ungo alitiwa ndani, miezi kadhaa, wakati mwingine mwaka, chini ya kungwi aliyemfundisha utu uzima. Haonwi na mwanamume, hasemi kwa sauti, hainui macho. Alikaa mkekani akisuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Kutoka kwake kulikuwa na ngoma, na nyuma ya ngoma kulikuwa na posa. Msichana asiyeweza kuwa mwali hakuweza kuwa kitu kingine chochote. Mambo hayo yamekwisha. Tumeyatupa yote, mazuri na mabaya, kama mtu anayemwaga maji ya kuogea mtoto bila kutazama kama mtoto ametoka.

Kitwana alimgeukia Biasha mwenyewe. "Unasikiaje, mwanangu?"

Kondo alicheka puani. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Biasha alikuwa anabadilisha miguu, huu, ule, huu.

"Ndani ya miguu kuna sisimizi," alisema upesi upesi. "Nikikaa wananila. Nikitembea wananiacha. Na moyo unatembea mbele yangu, mimi naufuata."

Siku ya tatu yake daktari wa serikali alipita kwenye safari yake ya wilaya. Alimpima yule binti, akamgonga magoti, akamtazama macho, akafungua sanduku lake. Dawa aliyoitoa iliitwa bromidi, unga mweupe wa kuyeyusha kwenye maji. Alimweleza Kitwana huku dereva anawasha gari, na Kitwana akaandika kwenye daftari lake mistari mitatu. Kijiko kidogo, asubuhi, mchana na jioni. Amwangalie kila wiki; akisinzia mno, akipepesuka, dawa ipunguzwe. Na ale chumvi kama kawaida.

Mstari wa tatu ulimchekesha. Wazungu wana maneno! Nani asiyekula chumvi? Mambo mawili ya kwanza alimweleza Kondo mara mbili mbili. La tatu hakulitaja.

Ijumaa iliyofuata alikuja Bibi Tatu, shangazi yake Kondo, kungwi wa mtoto, kuichukua chupa. Alikuwa kikongwe mkavu mwenye ukungu machoni, aliyekwisha watoa wali kumi na wanane na kuwataja wote kwa majina, walio hai na waliokufa. Aliichukua chupa, akamimina tone kiganjani, akaonja.

"Hii ina chumvi, Dresa."

"Si chumvi, Bibi. Ni dawa, ndio ladha yake."

"Niapie."

"Wallahi si chumvi."

Bibi Tatu akafunga chupa kwenye pindo la kanga. "Nyinyi watu wa Ruvu mwaapa upesi. Ni kwa sababu ya kula samaki wengi." Akaondoka.

Kitwana alidhani ajuza analalamikia ladha. Angemwuliza kwa nini chumvi imemshtua, asingejibiwa, maana yaliyo ndani ya chumba cha mwali hayaelezwi mwanamume. Katika ukoo ule mwali hakula chumvi tangu kuingia mpaka kutoka. Chumvi ya kwanza ilitiwa na kungwi wake siku ya ngoma, mbele ya wanawake, na kulitia bonge hilo la chumvi katika mchuzi kulikuwa na maana nyingine ambayo haiandikwi. Na kungwi naye aliushika mwiko huo pamoja na mwali wake, siku kwa siku. Wapi leo utampata mwalimu atakayekula bila chumvi kwa ajili ya mwanafunzi?

Wiki mbili zikapita. Bibi Tatu alikuja kujaza chupa na habari njema. Mtoto analala. Wiki ya tatu: mtoto anakaa, anasuka, ameuliza jina la ndege anayelia nje. Kitwana alifurahi kama aliyepandishwa cheo.

Wiki ya tano habari zilikuwa njema zaidi. "Toka alfajiri mpaka magharibi mkekani, hanyanyuki. Nikimwambia inama, ameinama. Nikimwambia kula, anakula."

"Anasema?"

"Mwali hasemi, Dresa."

"Lakini nawe humsikii hata kwa kunong'ona?"

"Wewe una dada?" Bibi Tatu aliuliza. "Kama huna, kaa kimya, kama unaye, uone haya."

Wiki ya saba alikuja akitembea kama bibi harusi. Wanawake wa vijiji vitatu walikuwa wamekuja kumtazama mwali wake kwa zamu. "Nimewatoa kumi na wanane, huyu ni wa kumi na tisa, wote hawa hawakuwa na adabu ya huyu mmoja. Shingo imelala. Macho chini. Hata nzi akitua jichoni hamfukuzi."

Kitwana alikuwa anamimina dawa. Akaacha.

"Nzi?"

"Jichoni! Nimesimama nikamwangalia nzi anatembea. Yule mwali, tuli."

Aliijaza chupa nusu tu, akasema dawa imepungua. Bibi alipoondoka alitoka nje, akarudi ndani, akatoka tena. Aliosha vidonda vya watu bila kusikia wanachosema. Nzi hutua jichoni mwa maiti. Hutua jichoni mwa ng'ombe mgonjwa. Mtoto aliyekuwa na sisimizi miguuni, leo hana hata kope ya kupepesa?

Jioni ile ile alikuwa barazani kwa Kondo. Kondo alikuwa anachonga mpini wa jembe, amechangamka.

"Karibu, Dresa, karibu! Dawa yako baba yake dawa. Watu wa Mwinyimadi wa Maneromango wametuma mjumbe. Wanamtaka Biasha kwa kijana wao."

"Bwana Kondo, nataka kumwona mgonjwa."

Kisu kilisimama. "Mgonjwa gani?"

"Biasha. Hata kwa mbali. Aje mlangoni, afunikwe uso, nitazame anavyotembea tu."

"Unataka kumwona mwali wangu anavyotembea." Kondo alisema polepole, kisha akamwita jirani yake kwa kupaza sauti, "Salumu! Hebu njoo umsikie Dresa wetu! Amechoka kuchoma watu sindano, sasa anataka kuangalia wali wanavyotembea!" Kicheko kikatoka ng'ambo ya ua. Kondo hakucheka. "Miaka mitatu nimemfukuza mtoto porini mimi na mama yake. Zena mke wangu amekonda kama ufito. Sasa kakaa. Nilikuomba dawa ya kumkalisha, umenipa, Mungu akulipe. Yaliyobaki si yako."

Siku zilizofuata Kitwana alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Mguu wake mmoja ulikuwa zahanati, mwingine njiani. Alikwenda mpaka kwenye mnazi wa mpaka wa shamba la Kondo akarudi, mara tatu kwa siku moja. Yeye ndiye aliyeipima ile dawa kwa mkono wake mwenyewe. Kama inamzidi yule mtoto, hakuna ajuaye ila yeye, naye hawezi kumwona. Na waliomwona walikuwa wanampigia vigelegele.

Jibu lilitoka kwa wanawake, kwenye foleni ya zahanati. Walikuwa wamekaa kivulini wakisubiri, kila mmoja na ukindu wake mikononi, kwa sababu mwanamke wa enzi hizo hakuwahi kukaa mikono mitupu. Mmoja alivuta ukili wa mwenzake, akaupitisha vidoleni, akaangua kicheko.

"Hapa, shoga, ulikuwa unagombana na mumeo!"

"Nani kakuambia?"

"Si huu hapa umekaza kama unamnyonga? Na hapa mbele mmepatana, umelegea!"

Wote wakacheka. Kitwana alisimama na pamba mkononi. Akaomba wamrudie lile neno. Wakacheka zaidi, lakini wakamweleza: ukili ni kama mwandiko, mkono ukiugua nao unaugua.

Aliifunga zahanati saa sita mchana, jambo ambalo lingemfukuzisha kazi, akaenda moja kwa moja. Hakumwomba Kondo lolote. Alisimama uani akaita, "Hodi, Bibi Tatu! Shikamoo!"

"Marahaba. Umekuja tena na macho yako?"

"Macho nimeyaacha kazini. Naomba ukili wa Biasha."

"Wa nini? Unataka kusuka?"

"Nataka unionyeshe wewe, fundi."

Neno hilo lilimpata. Bibi Tatu aliingia, akatoka na kikapu. Ndani yake kulikuwa na ukili wa wiki nane, umeviringwa kama gurudumu. Kondo alikuwa anawatazama kutoka barazani. Kitwana alianza kuukunjua mchangani kutoka mwanzo wake wa ndani, akaurudisha nyuma na mbele mpaka ua ukajaa mistari.

Bibi Tatu hakutumia macho yake yenye ukungu. Alichuchumaa, akaushika mwanzo kwa vidole viwili, akaanza kwenda nao.

"Hapa ndio kaingia. Umekazwa, una mbio, kila shubiri anaanza upya. Huyu ndiye Biasha wangu." Akasogea. "Hapa ameanza dawa. Hapa amelala usiku. Aa, hapa pazuri! Dresa, shika hapa. Hata mimi sisuki hivi." Pima tatu nzima zilikuwa sawa kama zimepigwa rula, na katikati yake Biasha alitia kijitawi cha rangi nyekundu, pambo ambalo hakufundishwa na mtu. Akasogea tena. Vidole vikapunguza mwendo. "Hapa ameruka unyuzi. Hapa ameruka mbili. Hapa..." Alikuwa sasa anatambaa. Ukili ulikuwa umelegea, umepinda kushoto, umesahau kingo. Ncha za ukindu zilitokeza kama nywele za asiyechanwa. Dhiraa ya mwisho haikuwa ukili kabisa. Yalikuwa majani yaliyofungwa mafundo, kama mchezo wa mtoto wa miaka mitatu.

Bibi Tatu alikaa mchangani na lile fundo la mwisho mkononi.

"Nilikuwa nautia kikapuni kila jioni," alisema. "Nilikuwa namwangalia yeye. Mkono wake sikuutazama."

"Nieleze, Bibi."

Akaeleza bila kuinua uso. Vipele vimemjaa usoni na mgongoni. Mate yanamtoka. Kwenda msalani lazima ashikwe, anapepesuka kama mlevi wa tembo. Juzi amemwita mama yake kwa jina la marehemu bibi yake. "Nikasema ni haya. Nikasema hatimaye amepata haya."

Daftari lilikuwa mfukoni mwa Kitwana. Alikuwa ameusoma ukurasa ule mara nyingi wiki ile, kila mara akisimama kwenye mstari wa pili. Safari hii akausoma wa tatu.

"Bibi, anakula chumvi?"

Kondo aliruka kutoka barazani. "Dresa! Unamwuliza kungwi mambo ya ndani mbele yangu mwanamume?"

Bibi Tatu alitikisa kichwa bila kukiinua. Kitwana alilifunga daftari. "Dawa ile inatoka mwilini kwa kusukumwa na chumvi. Asiyekula chumvi haitoki. Inajaa tu, kijiko juu ya kijiko, kama mtungi usio na tundu. Daktari aliniambia. Mimi sikukuambia. Niliona ni upuuzi."

"Ulisema wallahi si chumvi."

"Si chumvi."

"Na leo chumvi ndiyo dawa."

"Leo chumvi ndiyo dawa. Kijiko kisimguse tena, na chakula chake kitiwe chumvi, na maji anywe mengi. Kuanzia leo, Bibi. Wiki ijayo huenda hataweza kumeza."

"Hatiwi!" Kondo alisema. "Mwezi mmoja umebaki atoke. Watu wa Mwinyimadi wakisikia mwali katiwa chumvi ndani, nitawaambia nini? Na mkimwachisha dawa, akikimbia tena?"

"Kondo," Bibi Tatu alisema, "nilikubeba mgongoni. Nyamaza." Akanyanyuka, akaitoa chupa kwenye pindo la kanga, akamtupia Kitwana, naye akaidaka. "Chukua maji yako. Na uondoke. Mambo ya jungu si ya wanaume."

Hakusema atafanya nini. Kitwana alirudi na chupa mkononi na hakujua. Siku ya kwanza haikuleta habari, wala ya pili. Alivaa viatu, akavua. Kila kilio cha mtoto barabarani kilimtoa nje, na aliposikia siku ya nne kwamba kuna msiba upande ule, alikimbia robo ya njia kabla ya kuambiwa ni mzee wa nyumba nyingine. Dawa za wengine alizipima mara mbili mbili, na baada ya kupima akaonja.

Siku ya tano alikuja Zena, mama yake Biasha, aliyekonda kweli kama ufito. Hakukaa. Alifungua kanga, akaweka mezani kipande cha ukili chenye urefu wa kiganja. Kilikuwa kimepinda. Kilikuwa kimelegea. Lakini kilikuwa ukili, na ncha zake zimekunjwa ndani.

"Bibi amesema usome mwenyewe," alisema. Alipofika mlangoni akageuka. "Na amekwenda dukani kwa Mwarabu mwenyewe, mchana, watu wanaona. Kibaba kizima cha chumvi. Nilimwambia nitume mimi, akasema mwiko ni wangu, nauvunja kwa mkono wangu."

Baada ya hapo kila Ijumaa kilikuja kipande. Cha pili kilinyooka kidogo. Cha tatu Kitwana alikibandika ukutani kwa msumari. Cha nne kilikuwa kimekazwa, chenye mbio, kila shubiri kimeanza upya, na hapo akajua kwamba Biasha amerudi, na sisimizi wake wamerudi naye.

Siku hiyo hiyo Kondo alifika. "Amekesha anatembea chumbani. Nipe ile chupa. Nipe kijiko kikubwa."

"Sikupi."

"Basi nipe kidogo!"

"Kidogo nitakupa, baada ya daktari kunijibu barua. Na safari hii nitamwuliza mwenye miguu."

Barua ilirudi na jibu: robo tu ya ile ya kwanza, jioni peke yake, chumvi isikosekane. Kitwana alimpa Bibi Tatu kwa mkono wake, akafunga uzi mwekundu kwenye chupa kila mahali pa wiki, ili ajuza asiyeona vizuri ahisi kwa kidole dawa imefika wapi. Kisha akamwagiza swali. Jibu likaja wiki ya pili, la kwanza kumfikia kutoka kinywani mwa Biasha tangu atiwe ndani.

"Anasema sisimizi bado wapo, lakini sasa wanatembea, hawaumi," Bibi Tatu alisema. "Anasema hizo wiki za mwisho alikuwa anatusikia sote, tunavyomsifu, na alitaka kulia lakini machozi hayakujua njia. Anasema siku nyingine umwulize yeye kwanza kabla hujawauliza watu." Akaifunga chupa kwenye pindo la kanga. "Nami nikamwambia mwali hasemi. Akaniambia, Bibi, mwali alikuwa amekufa."

Ngoma ya kumtoa ilipigwa baada ya mavuno. Alitoka vizuri, kichwa chini ila si mno. Lakini kibaba kile kilikuwa kimezunguka wilaya. Kungwi aliye na mwali ndani hanunui chumvi, kila mwanamke alijua hivyo, na Mwarabu hakujua kufunga mdomo. Ngoma ilipokolea, upande wa Mwinyimadi wakaanzisha wimbo:

*Kungwi katia chumvi, harusi bado,*
*mkwe akija ale nini, majivu?*

Wakauimba mara saba. Bibi Tatu alisimama katikati ya uwanja, akawangoja wamalize. "Nimetia mimi," alisema. "Mwali wangu yuko hai. Nani mwingine ana wimbo?" Hakuna aliyekuwa nao, ila asubuhi yake posa ilirudishwa, na hakuna mama mwingine aliyemwita kungwi yule kumtia mwanawe ndani. Kumi na tisa wakawa ndio mwisho. Kondo hakumfukuza kwa maneno. Aliacha tu kumwamkia. Mwezi haukuisha, Bibi Tatu akafunga mizigo kwenda kwa mwanawe aliyekuwa kibarua wa reli huko Kwala, na Biasha akasema miguu yake nayo inakwenda huko.

Kitwana aliwasindikiza mpaka njia panda. Aliwapa chupa, uzi, na barua ya kumpa dresa wa upande ule. Alimrudia Biasha maneno yale mpaka binti akachoka: chumvi kila siku, jioni tu, ukisinzia punguza, usiache ghafla, ukiona ukili unapinda nenda kaseme. "Nimesikia, kaka," Biasha alisema, miguu inabadilishana, huu, ule. "Mimi ndiye ninayekaa humu ndani. Nitakuwa wa kwanza kujua."

Miaka saba ikapita kabla ya kuwaona tena. Vita ilikuwa inaisha, na Kitwana, aliyekuwa amepelekwa bara, alihamishiwa zahanati ya kwao. Garimoshi lilisimama karibu na Kwala kunywa maji, na wachuuzi wakajaa chini ya madirisha. Kati yao alikuwamo mwanamke mrefu mwenye mikeka begani, anayekwenda mbio kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho na kurudi, anabishana bei na watu watatu kwa pamoja, anacheka, anarusha mkeka ndani kabla mnunuzi hajakubali. Nyuma yake, juu ya gogo, ajuza mkavu alikuwa ameketi amepakata mtoto mdogo mwenye sura ya yule mchuuzi, na vidole vyake vinapita polepole kwenye ukingo wa mkeka ambao haujauzwa.

"Biasha!" Kitwana aliita.

Akageuka. Ilimchukua muda kumtambua, kaptula ya kaki ilikuwa imekuwa suruali. "Dresa wa Ruvu! Bibi, yule mla samaki! Nunua mkeka, Dresa, huu hapa, usinipe hela, nipe, hapana, nipe! Bibi, ameota tumbo!" Maneno yalimtoka kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Nzi akatua juu ya shavu lake. Alimpiga kofi bila kukatisha sentensi, akaendelea.

Kitwana alitaka kumwuliza kama bado anakunywa, kiasi gani, anasikiaje. Filimbi ikapigwa. Alipokea mkeka dirishani, na garimoshi lilipokwisha vuta akamwona Bibi Tatu ameinua mkono hewani, upande usio wake, akimpungia mtu asiyemwona. Biasha aliushika ule mkono, akaugeuzia kwenye behewa sahihi.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona.